Mwangaluka ya Jioni

Haya alinisimulia Nyamizi mwenyewe, mwaka wa sabini na tano, tukipepeta mpunga kule Usangu.

Jua lilikuwa linashuka. Mumewe, Msukuma mwenzake wa Shinyanga, yuko malishoni, yeye yuko ndani na mtoto mchanga. Juzi yake wezi wa ng'ombe walikuwa wamemkata panga mama wa jirani.

Mlango ukagongwa.

"Mwangaluka, shemeji! Fungua, mimi mdogo wake mumeo, natoka Shinyanga. Kiu itaniua!"

Mkono wa Nyamizi ulikuwa umeshashika komeo. Ukaganda palepale. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Msukuma gani asiyejua kwamba jioni ni mwadela?

"We shemeji, unanikimbia kama fisi?"

Akampa mtoto ziwa asilie. Jasho la kiganja likalowesha mti wa komeo. Mlango ukasukumwa polepole, kama na mtu anayeupima. Nyayo zikazunguka nyumba, kisha zikatokomea.

Kagiza kalipoingia, ukagongwa tena.

"Mwadela, mama watoto! Leo umejifungia?"

Nyamizi akavuta komeo. Mumewe akaingia, ananuka ng'ombe. Nyamizi akaketi palepale kizingitini, mtoto kifuani, na kabla hajajibu salamu akawa amelala.