Baba wa Tovutini

Siku hizo sheria ilimtaka kila mzazi asome kazi za mwanawe kwenye tovuti ya shule na kuzijibu kabla ya magharibi. Aliyezidiwa na shughuli, tovuti ilimjibia na kuongea na mtoto kwa sauti ya mzazi mwenyewe. Sadala, fundi wa sare za shule pale Korogwe, aliiruhusu imjibie Januari moja tu, mwezi ambao cherehani yake haikupoa. Januari ikaingia Februari, na sasa miaka miwili ilikuwa imepita.

Alasiri moja umeme ulikatika, cherehani ikasimama, akaona afungue mwenyewe kazi za bintiye kwenye simu. Tunu, wa kidato cha tatu, alikuwa ameandika insha kuhusu mtu anayempenda kuliko wote.

"Ni baba yangu. Nilipofeli hesabu hakunigombeza. Nilipomwambia namkumbuka mama, aliniomba nimsimulie anavyonijia ndotoni."

Sadala aliisoma mara mbili, uzi ungali mdomoni. Habari za kufeli hakuwa nazo. Na jina la marehemu mkewe halikuwahi kutajwa nyumbani mle tangu arobaini.

Akaanza kuandika kwa kidole kizito: "Tunu mwanangu..." Maandishi yakatokea chini kwenye kioo cha simu: Insha hii imeshajibiwa na mzazi.

Tunu alikuwa uani, spika ndogo masikioni, akitabasamu.

"Tunu," Sadala alimwita.

"Samahani, baba," alijibu kwa adabu, "ngoja kwanza nimalize kuongea na baba."