Kufunika Si Kufuta

Emna alikuwa anajifuta. Alishafuta jina lake kwenye kona ya kila ramani, akafuta la ofisi, akafuta namba ya simu, na sasa alikuwa anapekua taarifa za faili lenyewe, mahali ambapo kompyuta huandika kimyakimya nani kachora nini. Naam, jina lilikuwepo huko, limejibanza kama kunguni kwenye mshono. Akalitoa.

"Binamu, hiyo ni ramani ya soko la samaki au unatoroka polisi?" Wajdi aliuliza, mdomo umejaa makrudh, vile vikeki vya tende. Naye alikuwa msanifu majengo, na alipenda kuja kwa Emna saa ya chai.

"Namtoroka Bi Radhia."

Hakuwa anatania. Chama cha wasanifu cha mji wa Sfax kilikuwa kimetangaza shindano la kuchora soko jipya la samaki, na mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Bi Radhia, mama yake Nizar. Nizar ndiye yule kijana ambaye Emna alimkataa mwaka uliopita, wakati mama mtu ameshaonja mpaka keki za harusi. Tangu siku hiyo Bi Radhia aliapa hadharani kwamba yeye akiwa hai, msichana yule hatajenga hata banda la kuku katika mji huu. Na alikuwa mwanamke wa kushika neno lake.

Emna naye alilitaka soko lile kuliko kitu chochote. Marehemu baba yake aliuza pweza kwenye soko la zamani miaka nenda miaka rudi, miguu imezama kwenye maji machafu, na yeye alikuwa amechora sakafu ambayo haitamlowesha mtu tena.

Bahati nzuri shindano lilikuwa la siri. Kila ramani ilitumwa kwa PDF ikiwa na namba tu, na jina la mwenyewe lilikaa kwenye bahasha iliyopigwa lakiri. Sharti lilisema wazi: ramani ambayo jina la mchoraji litasomeka popote pale, inatupwa nje.

"Mimi nimeshatuma yangu," Wajdi alisema. "Nimepachika kiboksi cheupe juu ya jina, mambo kwisha."

"Hebu nioneshe."

Wajdi akaifungua. Emna akaburuta kipanya juu ya ule weupe, akanakili, akabandika pembeni. Jina la Wajdi likatokea zima zima, na la ofisi yake nyuma yake.

"Lahaula!"

"Kufunika si kufuta, Wajdi. Nimeyasema haya mwezi uliopita ukumbini, chama kizima kimekaa mbele yangu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Si ndiyo siku ile ya vitumbua vya lozi?" Akacheka mpaka chembe za makrudh zikaruka mezani. "Acha wasiwasi, dada. Nani atajisumbua kufukua? Wazee wale hata simu zao huwashiwa na wajukuu."

Emna akapangusa meza, akaendelea. Alipomaliza, aliishambulia ramani yake mwenyewe kwa kila ujanja alioujua, akanakili huku na huku, akapekua kila tabaka la mchoro. Hakupata hata herufi moja yenye harufu ya jina lake.

"Haya, nimekubali," Wajdi akasema. "Hapo hata mama yako mzazi hakujui."

Emna akaituma. Wiki nzima iliyofuata alikuwa mchangamfu ajabu, akiwasalimia hata wale aliokuwa hasalimiani nao.

Siku ya matokeo ukumbi wa chama ulifurika. Wasanifu wote wa mji walikuja wamepiga pasi, kila mmoja akijifanya hana haja na ushindi. Bi Radhia akasimama, miwani kwenye ncha ya pua, uso umekunjamana kama aliyeuma limau.

"Ndugu zangu," akasema, "mmenitia aibu. Nimeburuta kipanya, nimenakili, nimebandika, na mmoja baada ya mwingine mkanitokea na majina yenu kamili. Wengine na anwani za nyumbani! Sharti ni sharti. Nje nyote."

Ukumbi ukaguna. Wajdi akateremka kwenye kiti mpaka kikabaki kichwa.

"Nyote, isipokuwa ramani moja."

Emna akamshika Wajdi mkono akaubana. Hajui, alijiambia. Bi Radhia wa watu hajui anampa nani, na akishajua itakuwa imeshapita.

Katibu wa chama akaleta bahasha, lakiri yake bado nzima, akaiweka mezani pamoja na kisu cha kufungulia. Bi Radhia hakugusa bahasha wala kisu.

"Emna," akaita. "Inuka, njoo hapa."

Katibu akamwinamia, akamnong'oneza kwamba bahasha haijafunguliwa.

"Ifunguliwe ya nini?" Bi Radhia akasema, kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia. "Mji mzima tulikaa kwenye darasa la binti huyu, na waliosikiliza tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Nilijua ni ramani yake kabla sijaona hata mlango uko wapi. Wiki nzima nimeitafutia kosa, walau moja, nimnyime." Akavua miwani. "Sijaliona."