Mkaa wa Mlimani

Asubuhi ya ukungu, Bi Semeni aliliweka jiko la mkaa karibu na kitanda cha bintiye aliyejifungua, akaziba kila upenyo kwa matambara. Mlango nao akauziba kwa nje alipotoka kufua nepi. Alikuwa amekuja juzi kutoka bondeni kwenye joto, ambako jiko hukaa uani.

"Mbona mkaa wenu ghali hivi?" alimuuliza jirani, Mama Tumpe. "Kwetu gunia ni nusu ya bei."

"Msitu uko mbali, mama, na lori linapanda siku mbili. Tena nyie mnapikia tu. Sisi tunapika na kuota, wote tunagombania gunia lile lile."

"Basi mimi joto langu halipotei. Nimeziba mpaka tundu la ufunguo."

Mama Tumpe aliangusha ndoo. "Umeziba? Na mtoto yumo?"

"Yumo na mama yake, wamelala."

"Huku hatuzibi, mama! Mkaa unamaliza pumzi!"

Walikimbia. Mlango ulikwama kwa yale matambara, wakausukuma kwa mabega. Binti aliinua kichwa, akatapika. Mjukuu hakutikisika.

Bi Semeni alimbeba mpaka nje, akamfunua kifua kwenye baridi ile ile aliyokuwa akiiogopa.

"Lia, mume wangu," alimbembeleza. "Lia hata kidogo."

Aliinamisha shavu lake kwenye mdomo ule mdogo, akasubiri, ukungu ukiwapita taratibu.