Vidole Viwili Pembeni

Binti yangu ni fundi cherehani, na mpaka leo hutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Ndiyo maana daktari aliponiambia presha yangu ya macho hurithiwa, kwamba haiumi na huanza kula uoni wa pembeni, na kwamba watoto wangu waliovuka arobaini wapimwe, nilimjibu, "Wangu ana macho ya mwewe."

Asubuhi hii alinitia matone yangu, akanifuta shavu taratibu kama mtoto mchanga. Kugeuka tu, akakumba kikombe changu cha chai. Cha tatu wiki hii.

"Mama nawe, unaviweka njiani!"

"Hebu kaa, mwanangu. Ziba jicho la kulia, tazama pua yangu. Usihamishe jicho."

"Pua hiyo naijua, si ndiyo uliyonirithisha!"

Nikainua mkono pembeni mwa uso wake, upande wa jicho lililo wazi, kama daktari alivyonifanyia mimi, nikachezesha vidole viwili.

"Vingapi?"

Akacheka. "Si uvinyanyue kwanza, Mama!"

Nikausogeza mkono mbele kidogo, nikachezesha tena. Nikausogeza tena kidogo. Mwanangu bado anacheka, anasubiri ninyanyue vidole.