Mkaidi wa Nyumba Namba Kumi na Saba

"Andika jina lako hapo mkononi, baba, anzia kwenye kiwiko. Halafu namba ya simu ya ndugu yako. Andika makubwa makubwa, maana miwani yangu ya zamani."

Mshona viatu aliitazama kalamu ya wino mzito, kisha akamtazama Bibi Kalamu aliyempa. "Ya nini hii?"

"Ili kimbunga kikishapita, tukikuokota huko kwenye matope, tujue pa kukupeleka. Wino huu hautoki kwa maji. Nimeujaribu kwenye sufuria."

Mzee akaandika herufi mbili. Ya tatu ikamshinda. Akairudisha kalamu, akaingia ndani, akatoka na begi, redio na nyundo yake, akapanda lori la jeshi bila hata kugeuka nyuma.

"Huyo wa kumi na nne leo," alisema Sajini, akiweka alama kwenye orodha yake. Kisha akakanyaga klachi kwa kuuma meno. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vyuma ndani.

Tangu asubuhi walikuwa wakizunguka mtaa huo wa bondeni. Kando ya mto askari walijaza mchanga kwenye viroba wakavipanga kama matofali. Watu wa zimamoto walikuwa juu ya ngazi, wakikata matawi yaliyolalia nyaya za umeme. Redio ilirudia maneno yale yale: kimbunga kinafika jioni, daraja linafungwa saa kumi kamili.

Mbele ya lori walibanana watu watatu. Sajini alishika usukani. Dirishani alikaa muuguzi mgeni, aliyeletwa jana, amekumbatia sanduku lake la dawa. Katikati alikaa Bibi, magoti juu kama panzi. Hakuwa askari wala mtu wa zimamoto. Alijitolea tu baada ya kimbunga kile kingine, cha miaka mitatu nyuma, kwa sababu alizijua nyumba zote za mtaa ule, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, domo kubwa namna ile lingeoza bure bila kazi.

"Zimebaki nyumba ngapi?" muuguzi aliuliza.

"Moja," alisema Sajini. "Namba kumi na saba."

"Anakaa nani hapo?"

Bibi akaangua kicheko. "Mkaidi, mwanangu! Mwanamke ana kichwa kigumu, ukikigonga kwa rungu utalionea huruma rungu. Mara ile gari zima la jeshi lilimsimamia mlangoni. Anabembelezwa, anaimbiwa kama bibi harusi. Hatoki! Eti kuta zake za mawe."

"Kweli zilikuwa za mawe?"

"Nusu. Nusu nyingine matope na majivuno."

Sajini akakohoa, akageuza uso dirishani.

"Ikawaje?" muuguzi akauliza.

"Maji yakafika kiunoni. Bibi mkubwa yuko juu ya meza, amenywea kama kuku aliyelowa, ndipo anakumbuka kumbe ana mdomo wa kuomba msaada! Sajini huyu akarudi na boti. Mlango ukang'oka, ukamwangukia mguuni." Bibi alipangusa kioo cha mbele kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. "Vyuma vinne. Mkaidi mwenyewe hakupata hata mchubuko."

"Mama, hayo yamepita," alisema Sajini.

"Yamepita kwa nani? Wewe si bado unachechemea?"

Muuguzi akatikisa kichwa. "Sasa alibaki kwa ajili ya nini? Alikuwa na mgonjwa ndani?"

"Saa ya ukutani. Ya marehemu mumewe. Tena inachelewa dakika ishirini!"

Muuguzi alicheka mpaka sanduku likamponyoka. Bibi naye alicheka.

Saa tisa na nusu walisimama mbele ya mlango wa kijani. Alama ya maji ya mara ile bado ilionekana ukutani, mstari wa kahawia chini kidogo ya dirisha. Muuguzi akachukua kipaza sauti.

"Weka chini hicho," alisema Bibi. "Huyu ukimpigia kelele ndiyo unamchochea. Niachieni mimi."

"Dakika kumi, mama," alisema Sajini. "Zikiisha naingia mwenyewe."

"Na mguu huo?"

"Na mguu huu huu. Mimi siachi mtu ng'ambo hii."

Bibi alishuka kinyumenyume, goti moja baada ya jingine, akimsema mkaidi kwa sauti kubwa hata waliopanda nyuma wakacheka, mshona viatu akapiga makofi. Mpumbavu yule! King'ang'anizi! Mwenye kulinda saa mbovu! Kwenye ngazi ya tatu ya nyumba sauti ikakatika, akaingia ndani.

Upepo ukaanza kuvuta turubai la lori. Dakika tano zikapita, zikawa nane. Sajini aliiona kalamu imesahauliwa kwenye kiti. Akaichukua, akashuka, akapanda ngazi akiburuta mguu.

Bibi alikuwa peke yake sebuleni, amejikunja kwenye kiti cha kuegemea, ufunguo wa nyumba mapajani, macho kwenye saa ya ukutani.

Sajini akamnyooshea kalamu. "Haya, mkaidi," alisema. "Unaandika?"

Bibi akautazama ule mguu uliokuwa ukitetemeka kizingitini pake, akainuka, akakokota kiti mpaka chini ya saa.

"Nishikie kiti," alisema, "niitungue."