Mifuko ya Mlima wa Pili

Mwanajiolojia alifungua kabati la mwalimu wake ili apime upya kaboni iliyomo kwenye mawe ya mlima wa pili.

Kwa miaka ishirini, mchoro wa mwalimu ulithibitisha kwamba milima miwili iliyo mbali ina umri mmoja: kaboni ya mawe yake ilipanda na kushuka sawasawa, tabaka kwa tabaka, kama mapacha.

Mifuko arobaini ya mawe hayo ilikuwa pale, imejaa pomoni. Alipapasa mshono wa mmoja, kisha mwingine, hadi wa mwisho. Uzi ulikuwa uleule ulioshonewa mlimani; hakuna hata mmoja uliowahi kukatwa.

Zile namba za mchoro, mwalimu alizitoa wapi?

Mlango ukafunguka. "Umeyapata mawe, binti yangu?" mwalimu aliuliza, akitabasamu.

"Nimeyapata, Mwalimu," alisema. Akachukua mkasi, akaukata uzi wa kwanza mbele ya macho ya mwalimu.