Sungura Aliyejinyonyoa

Asubuhi ile Bi Kalunde alimkuta sungura wake mkubwa akijinyonyoa manyoya ya tumboni kwa meno na kuyarundika kwenye kona ya banda. Ngozi yake ilikuwa imebaki wazi, nyekundu.

"Huyu ana ukurutu," alimwambia mkwewe, Nyamizi. "Achinjwe leo, kabla hajawaambukiza wenzake."

"Ngoja kwanza, Mama."

Nyamizi alichuchumaa mbele ya banda. Tangu mimba zake mbili ziharibike, watu wa boma lile walikuwa hawajamsikia akipinga neno. Aliyatazama masikio ya sungura: safi. Mgongo nao ulikuwa safi. Kisha akamwona akiyatandaza yale manyoya juu ya majani makavu na kuyashindilia kwa kifua, taratibu, mpaka pakawa na shimo dogo katikati.

"Mgonjwa hafanyi hivi," alisema. "Anatandika."

Bi Kalunde aliguna, lakini hakuondoka. Walikaa hapo mpaka jua likapanda. Mwishowe sungura alitoka kwenye kona yake, akaanza kutafuna majani ya viazi kana kwamba hapakutokea kitu. Nyuma yake, lile rundo la manyoya likatikisika lenyewe.

"Ulijuaje?" Bi Kalunde alinong'ona.

Nyamizi alijishika tumbo.

"Na mimi nina mimba, Mama. Mwezi wa tatu sasa. Niliogopa kusema."

Bi Kalunde alimshika mkono, akauingiza pamoja na wake ndani ya banda. Manyoya yalikuwa na joto, na chini yake kitoto kiliwasukuma vidole.